Mwanangu, kapime na mkojo

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako na za mkwe wangu nimezipata, na nimefurahi kusikia mtoto anacheza tumboni. Lakini tangu ulipokata simu sijatulia. Unasikia baridi, mkojo unachoma, mgongo unauma, na umeshatuma mtu duka la dawa akuletee mseto, ile dawa ya malaria. Usimeze kwanza.

Mwaka ule ukiwa darasa la sita nilikuwa nashinda Kibirizi nikianika dagaa. Choo cha pale hakikuingilika, basi nilibana mkojo tangu alfajiri hadi jua kuzama, na maji sikunywa ili nisipate haja. Nikaanza kuchomwa, nikanyamaza. Ikaja homa ya kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mara mbili niliuziwa dawa ya malaria bila hata kutobolewa kidole. Mwisho shangazi yako akanipakia kwenye bodaboda hadi hospitali. Daktari akanigeuza, akaweka kiganja mgongoni upande wa kulia, pale mbavu zinapoishia, akakigonga kwa ngumi, taratibu tu. Nilipiga ukelele. Akasema, "Mama, hii ni figo."

Wadudu wanaoleta ugonjwa huu wengi wao hutoka kwenye utumbo wetu wenyewe. Huingia njia ya mkojo, wakakaa kibofuni, na wasipotibiwa hupanda hadi kwenye figo. Sisi wanawake njia yetu ni fupi, kama sentimita 4 tu, ndiyo maana wanatuonea. Na mjamzito ndiye zaidi, kwa sababu mimba hulegeza na kukandamiza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mkojo ukatuama. Figo ikishambuliwa, uchungu unaweza kuanza kabla ya siku zake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa hiyo leo hii nenda, wakupime malaria na mkojo, vyote viwili, maana mtu anaweza kuwa na vyote kwa pamoja. Chukua kadi ya kliniki, waambie mimba ina miezi mingapi, kwani si kila dawa inamfaa mjamzito. Waulize kama wanaweza kuuotesha mkojo, yaani kuwakuza wadudu waliomo ili wajulikane na dawa inayowaua. Wangu majibu yalichukua siku tatu, yakaonyesha ni wadudu gani na dawa ipi inawaua; zile za malaria nilizouziwa mwanzoni hazikuwa zinawaua. Walinichoma sindano za mshipa, wakamalizia na vidonge, jumla siku 14. Siku ya nne homa ilikatika nikataka kuviacha. Shangazi yako akawa ananihesabia kila usiku, mpaka kidonge cha mwisho. Nawe mpe mkwe wangu kazi hiyo.

Daiklo, ile dawa ya maumivu (diclofenac), usiiguse hata mgongo ukuume vipi. Inaweza kuumiza figo, na mimba haiitaki. Na ukianza kutapika, au tumbo likawa linakaza na kuachia, wakisema ulazwe usibishane nao.

Mengine nilikufundisha ulipovunja ungo: kujifuta kuanzia mbele kwenda nyuma. Sasa una mume, naongeza bila haya: mkishakutana, nyanyuka ukakojoe. Na huko kazini kwako, ukibanwa, mwache mteja asubiri.

Ukitoka kupima nipigie, hata iwe usiku wa manane. Nimekufungia dagaa kidogo na mawese, nitampa jirani anayepanda treni ya kuja Tabora. Nipigie kwanza, maana huenda nikaja nao mwenyewe.

Mama yako,
Kigoma