Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Banda la Mizinga, Jinja

Wazee wetu, ndugu wanachama, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, salaam.

Nianze na paa la banda letu, jengo la zamani la mizinga ya vita ambamo sasa tunaweka kumbukumbu za askari wetu, kwa kuwa ndilo mnaloniuliza kila tunapokutana. Fundi tuliyemlipa kubadilisha mabati alipiga misumari bila kuweka mipira yake, na masika yalipofika maji yakaingia. Sanduku la picha lililokuwa chini ya dirisha likalowa. Tulizitandaza picha moja moja juu ya mashuka kivulini na nyingi zikapona. Chache zilikuwa zimegandana uso kwa uso, hazikubanduka. Mojawapo ilikuwa ya kombania nzima imepangwa mistari mitatu, na hatukuwa na nakala yake. Fundi alikosea, lakini aliyeliacha sanduku sakafuni ni kamati, na kwa hilo nawaomba radhi. Paa limerudiwa na fundi mwingine, masanduku yako kwenye rafu, na kila picha iliyobaki tumeipiga nakala.

Banda lenyewe ni imara. Milango yake ni mipana kwa sababu ilikuwa ya kupitishia magurudumu ya mizinga, na pete za chuma za kufungia bado zimo ukutani. Kuweka kumbukumbu ndani ya jengo la jeshi ni jambo la siku nyingi kwetu: makumbusho ya taifa yalianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, afisa Mwingereza, huko Old Kampala, miaka mingi kabla ya kufika kilima cha Kitante mwaka 1954. Mombasa wana Fort Jesus, ngome iliyogeuzwa makumbusho. Lakini jengo peke yake halitoshi. Kule Woolwich, London, palikuwa na makumbusho ya mizinga ndani ya majengo yaliyokuwa karakana kuu ya silaha ya Uingereza, na yalifungwa mwaka 2016. Wenye mizinga mingi namna ile wamefunga milango, sisi tusilale.

Mwaka huu wanafunzi waliokuja waliuliza zaidi kuhusu mzinga wa manowari Königsberg ya vita ya kwanza ya dunia, nami nafurahi kuueleza kila mara. Manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikono ya mto Rufiji. Julai 1915 Waingereza waliipiga hadi mabaharia wake wakailipua wenyewe. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ikatolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, ikaanza kupigana nchi kavu. Mmoja ulifungwa kwenye meli Goetzen katika ziwa Tanganyika, meli ambayo leo tunaiita Liemba. Mitatu imebaki duniani: mmoja Pretoria, mmoja Mombasa, na mmoja hapa hapa Jinja. Watoto wengi waliozaliwa mji huu hawakuwa wamelisikia jambo hilo. Binti mmoja wa darasa la sita alikata kamba ya urefu wa bomba la mzinga, mita 4 na kidogo, akainyoosha sakafuni mwa banda, wenzake wakalala juu yake watatu kwa mstari kuona kama wataimaliza.

Yule binti ndiye aliyeniuliza: nani waliuvuta? Waliuvuta watu. Porini mizinga ile ilikokotwa na mamia ya wapagazi, na upande wa Waingereza nako mizigo ilibebwa vichwani na mabegani na watu wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, wale walioachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Walikufa kwa maradhi na njaa zaidi ya waliokufa kwa risasi. Majina ya makapteni wa meli tunayo. Ya wapagazi hatuna hata moja ukutani, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa la banda letu.

Mwezi wa nane hajati mmoja alikuja na kitu alichokifunga kwenye pindo la kanga. Ni medali ya fedha ya vita ya kwanza, ya babu wa mumewe. Tuliigeuza ubavu dirishani: pembezoni, herufi ndogo zilizokaribia kufutika, namba, jina, na K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Hajati alisoma jina kwa sauti, akanyamaza, akalirudia. Familia ilikuwa ikilitamka tofauti kidogo miaka yote. Medali ameondoka nayo, ni yake. Sisi tumebaki na picha na maelezo yake. Napendekeza tufanye hivyo kwa kila familia, vitu vibaki kwa wenyewe.

Maandishi ya maonyesho sasa yanaanza na Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya Keya. Mwacholi, Mteso na Mkamba walielewana kwacho, na wengine wetu tulikirithi kutoka kwa baba zetu kambini. Serikali ilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wazee wetu walikuwa wamekizungumza maisha yao yote.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Paa limekula karibu akiba yote, na ada za mwaka tunazihitaji mapema.

Kazi ya mwaka ujao ni majina. Kila mwanachama aende kwa wazee wa ukoo wake, aulize nani alikuwa Keya, nani alibeba mizigo, nani alikwenda Burma katika vita ya pili ya dunia akarudi au hakurudi. Andikeni jina kama linavyotamkwa nyumbani. Vyeti na medali vileteni Jumamosi asubuhi, nitakuwepo. Medali msizisugue kwa majivu wala dawa ya meno, mtayafuta maandishi ya pembeni. Zifungeni kwenye kitambaa kikavu, mje nazo kama zilivyo.

Mwenyekiti wenu