Klabu ya mazingira si kuzurura porini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mzazi aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita, akilalamika kwamba shule za sekondari zinawatoa wanafunzi madarasani na kuwapeleka kuzurura porini kwa jina la klabu ya mazingira, ilhali yeye anahangaika kulipa karo ili mwanawe asome. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Masindi, Uganda, na kwa miaka sita sasa nimekuwa mlezi wa klabu ya namna hiyo. Kwa kuwa anayeshtakiwa ni mimi na wenzangu, nadhani ni haki nijitetee.

Kabla sijampinga, kuna jambo ninalokubaliana naye. Zipo klabu za jina tu. Utaukuta ubao wa kijani langoni, na siku mgeni rasmi anapokuja miche inapandwa mbele ya wapiga picha, kisha ikifika Januari, jua linapowaka na mvua hakuna, yote imekauka kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuimwagilia. Mzazi akikasirikia mchezo huo ana haki, nami hukasirika pamoja naye.

Yetu haiendeshwi hivyo. Mara mbili kwa muhula tunaingia msitu wa Budongo tukiwa na wanafunzi 24, walimu wawili na mwongozaji aliyeruhusiwa, na kila mwanafunzi analeta barua iliyotiwa saini nyumbani. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 825, umejaa mikangazi mirefu na sokwe, na chuo cha misitu cha Nyabyeya kiko kando yake. Hata hivyo, wengi wa wanafunzi wangu, waliozaliwa mahali ambapo bodaboda ingewafikisha huko kwa muda usiozidi saa moja, walikuwa hawajawahi kuukanyaga. Waliujua kwa magogo yaliyokuwa yakipita barabarani juu ya malori.

Safari moja niliwapa kazi ya kupima urefu wa mkangazi bila kuupanda. Kila mmoja alikata kijiti chenye urefu sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yake akiwa ameunyoosha mkono, akakishika wima, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kijiti kikalingana na mti kuanzia shina hadi kilele. Hapo umbali kati yake na mti ndio urefu wa mti wenyewe. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hajawahi kuninyooshea mkono hata siku moja, alisimama, akautazama mti, akakitazama kijiti, akasema, "Mwalimu, kumbe hizi ni zile pembetatu zinazofanana!" Tulipima kwa kamba ya mita tukapata 34. Nilikuwa nimezifundisha pembetatu hizo ubaoni kwa majuma mawili, nikiamini zimeeleweka.

Siku hiyohiyo, hatua chache kutoka njiani, mvulana mmoja aliona waya wa breki ya baiskeli umefungwa kitanzi kwenye mche uliopindwa. Ulikuwa mtego wa funo au nguruwe mwitu, lakini mtego haumchagui mnyama, na watafiti ambao wamewafuatilia sokwe wa Budongo kwa miaka mingi wameona wengi wao wakipoteza vidole, na wengine kiganja kizima, kwa nyaya kama hizo. Mwongozaji aliutegua. Mvulana akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba nyumbani kwao anazijua nyaya hizo. Sikumuuliza ni za nani. Tulikaa juu ya gogo tukajadili kwa nini mtu mwenye shamba dogo na watoto sita hutega, na nini kingemfanya aache, na nawaambia wasomaji kwamba mjadala huo ulikuwa wa maana kuliko mihadhara mingi niliyoisikia mikutanoni.

Mzazi aliuliza pia watoto wanajifunza nini cha kuwasaidia maishani. Wanajifunza kusoma dira na kuhesabu hatua. Wanajifunza kuwasha moto baada ya mvua, kwa kutafuta tawi kavu ambalo bado limening'inia mtini badala ya kuokota lililolala chini, kisha kulipasua ili kufikia kiini chake kikavu. Muhula uliopita waliweka hema juu ya njia ya siafu, tena baada ya mimi kuwaambia mara mbili wakague ardhi kwanza, na saa nane za usiku kila mtu alikuwa nje akijikung'uta nguo kwa kelele za kuamsha kijiji. Tangu hapo sijahitaji kusema mara ya tatu.

Juu ya nyoka sina mzaha. Katika vijiji vyetu mtu akiumwa na nyoka hukatwa wembe, hufungwa kamba kwa nguvu juu ya jeraha, au hubandikwa lile jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu, na muda wa kumfikisha hospitali unapotea. Wanachama wetu wamefanyishwa mazoezi ya kumtuliza mgonjwa, kumvua pete na bangili kabla hajavimba, kuuzuia mguu au mkono usichezechezwe, na kumpeleka moja kwa moja kwa daktari. Kama mwanawe mzazi huyu hatajifunza lolote jingine kwetu ila hilo, karo yake haijapotea.

Jambo jingine huenda litamfurahisha mhariri. Ndani ya basi letu kuna Wanyoro, Waalur, Waacholi na Walugbara, na ndege mmoja ana majina manne. Wakitaka kuelewana juu ya hondohondo aliyepita, wanatumia Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima. Darasani bado kinasuasua. Msituni kinafanya kazi.

Ombi langu ni kwa walimu wakuu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kutahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, unataka wanafunzi wafanye miradi, na shule nyingi zinawanunulisha watoto manila na gundi ili watengeneze maonyesho ya kubandika ukutani. Daftari la mwanafunzi aliyehesabu ndege wa bwawa moja kila juma kwa muhula mzima ni mradi tayari. Likubaliwe hivyo, na klabu ipewe saa mbili kila baada ya majuma mawili ndani ya ratiba, badala ya kuachiwa masalia ya Jumamosi, wakati watoto wa kutwa wanahitajika shambani.

Mzazi mwenzangu nimemwekea kiti. Tunaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa moja asubuhi, kutoka langoni mwa shule. Aje na viatu vya kufunika vifundo vya miguu, na chakula chake.

Mwalimu mlezi wa klabu,
Masindi