Zawadi ya mchezaji isigeuzwe pata-potea

Mhariri,

Naomba nafasi niijibu barua ya mzazi aliyeandika wiki jana akitaka vibanda vyote vya gemu mitaani Nairobi vifungwe kwa madai kwamba vinawafundisha watoto kamari. Mimi ni mwenye kibanda cha aina hiyo huku Kayole. Nina runinga nne, mashine nne, padi nane ambazo mbili kati yake vitufe vyake hukwama, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikiwatoza vijana shilingi 20 kwa mechi moja. Kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili, wala siyafichi. Hata hivyo, mzazi huyo amekiona kidonda cha kweli. Ila dawa ameipaka pasipouma.

Mchezo usio na la kushtukiza haumkalishi mtu. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya umeme kufika: anayetega kitendawili huficha jibu, wenzake hukisia, wakishindwa humpa mji, na mji wenyewe ni wa maneno matupu, kwa maana sijasikia mtu aliyelazimika kuhama Mombasa kwa sababu usiku uliotangulia aliitoa kwa mtegaji. Utamu huja pale jibu linapotoka na kila mmoja akaona kwamba muda wote lilikuwa mbele ya macho yake.

Gemu nzuri zina utamu huo huo. Warren Robinett, aliyetunga mchezo wa Adventure uliotolewa na kampuni ya Atari mnamo 1980, alifanya kazi wakati ambapo kampuni hiyo haikuwa ikitaja majina ya watunzi kwenye michezo yake. Akajenga chumba cha siri ndani ya mchezo, akaliandika jina lake humo, na ufunguo wa kukiingia akaufanya kitone kimoja cha kijivu ambacho jicho hukipita bila kukiona. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameshaondoka kazini kijana mmoja wa Marekani alipokigundua chumba hicho na kuiandikia kampuni barua. (Nimefurahi kuona kwamba hata katika historia ya gemu barua zimefanya kazi yake.)

Mimi mwenyewe nilionja raha hiyo katika miaka ya tisini, kwa jirani yetu aliyekuwa na mojawapo ya zile mashine za kuiga zilizojaa madukani wakati huo, pamoja na kaseti ya Super Mario Bros., mchezo wa 1985. Mchezo huo umegawanywa katika sehemu ziitwazo dunia; hatua ya pili ya dunia ya kwanza hupita chini ya ardhi, na kila mchezaji hukimbilia bomba la kutokea. Siku moja rafiki yangu alijikuta juu ya matofali ya dari, akaendelea kukimbia huko juu, karibu aziguse nambari za alama, akalipita bomba lile na kushukia mahali penye mabomba mengine matatu, la kwenda dunia ya pili, la ya tatu na la ya nne. Tulipiga kelele hadi mwenye nyumba akaja kuuliza nani ameumia. Kelele ile haikutugharimu hata ndururu, na kuanzia kesho yake tulikuwa tukiwaonyesha watoto wa ploti nzima njia ile kwa majivuno makubwa.

Sababu ya kelele ile inajulikana. Katika miaka ya 1990 mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake walipima chembe za ubongo wa tumbili zinazotoa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, wakaona kwamba chembe hizo huchangamka tumbili anapopewa juisi asiyoitarajia. Akishaizoea ishara inayoitangulia juisi, chembe huchangamkia ishara na juisi yenyewe haizishtui tena. Na juisi iliyotarajiwa isipokuja, chembe hizo hufifia kuliko kawaida yake. Kabla yao, mnamo 1957, Charles Ferster na B. F. Skinner walikuwa wameandika jinsi njiwa anayepata punje baada ya kudonoa mara zisizotabirika anavyodonoa kwa kasi karibu bila kupumzika. Zile mashine za kamari zilizoenea hadi madukani mitaani, zikimeza sarafu za shilingi 20 kutoka mikononi mwa watoto hadi serikali ikaanza kuzikamata na kuziteketeza, zilimfahamu njiwa huyo vizuri sana.

Kinachomtisha mzazi mwenzangu, nadhani, ni pale elimu hiyo ya njiwa ilipoingizwa ndani ya gemu na kuwekewa bei. Mchezaji hulipa pesa halisi, anapewa pakiti au kisanduku kilichofungwa, na hajui ndani mna nini mpaka alipe. Haya hayaanzii kibandani kwangu, ambako mtoto hulipa shilingi 20, akacheza mechi yake, akafungwa mabao manne na kwenda nyumbani. Huanzia kwenye simu ya mzazi.

Nasema hivyo kwa kuwa yamenipata. Mpwa wangu wa miaka 13, ambaye hunisaidia kibandani wakati wa likizo, alikuwa akicheza mchezo mmoja wa kandanda kwenye simu yangu, mchezo ambao kuupakua ni bure. Nilisimama nyuma yake akifungua pakiti ya kupatia mwanakandanda wa kuongeza kwenye timu yake. Skrini ikawa nyeusi, kisha mwanga ukapita. Ikatokea bendera ya Brazili, peke yake. Ikapita pumzi moja, ikatokea nafasi ya uwanjani, winga wa kushoto. Ikapita pumzi nyingine, ikatokea nembo ya klabu. Kufikia hapo vijana wanne walikuwa wameziacha mechi walizokwisha kuzilipia na kuja kutuzunguka, wakimtaja kwa jina mchezaji waliyemtaka. Akatoka mwingine, ambaye mpwa wangu alikuwa naye tayari.

"Mjomba, ilikuwa karibu sana," aliniambia.

Haikuwa karibu. Jibu lilikuwa limekwisha kuamuliwa tangu alipobonyeza. Bendera, nafasi na nembo vilitolewa kimoja kimoja ili moyo wake upande ngazi. Jioni nilihesabu jumbe kumi na moja za malipo, kila mmoja wa shilingi 260, jumla shilingi 2,860, nazo zilikuwa sehemu ya kodi ya kibanda. Nambari yangu ya siri aliijua kwa sababu mimi ndiye humtuma kuninunulia tokeni za umeme. Kosa hilo ni langu, na sikumchapa.

Wakazi wa Nairobi wanaijua pata-potea: karata tatu juu ya katoni lililopinduliwa, mchezeshaji mwenye vidole vyepesi, na washirika wake wanaojifanya wapita njia, ambao hushinda mbele yako ili nawe utoe pochi. Kwenye gemu nyingi za simu nako hupita utepe juu ya skrini ukitangaza kwamba fulani amepata mchezaji adimu au silaha ya dhahabu. Walioambulia patupu hawatangazwi.

Huenda mtu akaniuliza tofauti iko wapi na zile zawadi zilizokuwa zikifichwa chini ya vizibo vya soda. Tofauti ni kwamba soda niliinywa. Kizibo kikiwa kitupu, kiu ilikuwa imekwisha hata hivyo.

Jambo linaloumiza zaidi ni hesabu. Chukua mchezo unaosema kwamba mchezaji adimu hutoka mara moja katika pakiti 100. Vijana wote niliowauliza kibandani, pamoja na watu wazima wawili waliokuwa wakisubiri mechi, walinijibu kwamba ukinunua pakiti 100 lazima umpate. Si kweli. Kila pakiti huanza upya bila kukumbuka iliyoitangulia, na ukipiga hesabu hiyo hadi mwisho, katika kila watu 100 watakaonunua pakiti 100 kila mmoja, yapata 37 watabaki bila mchezaji huyo, hali kila mmoja wao amekwisha kutumia shilingi 26,000 kwa bei aliyolipa mpwa wangu. Hesabu hii inaweza kufundishwa na mwalimu yeyote wa sekondari kwa kipindi kimoja, lakini mtoto hawezi kuipiga iwapo muuzaji hakusema uwezekano ni upi, na akiusema huuficha nyuma ya kurasa tatu za maandishi madogo ya Kiingereza.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili kwa njia tofauti. China ilizilazimisha kampuni kutangaza uwezekano kuanzia Mei 2017. Uingereza mwaka 2022 iliamua kutobadilisha sheria yake ya kamari na kuwaachia wenye michezo wajirekebishe, uamuzi ambao mimi nauona kama kumwomba fisi ahesabu mbuzi. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi, kwani tume yake ya kamari ilitamka mwaka 2018 kwamba visanduku vinavyolipiwa ni kamari. Lakini mtafiti aliyeipitia michezo 100 ya iPhone iliyoongoza kwa mapato nchini humo katikati ya 2022 alikuta 82 kati yake ingali inaviuza. Anayedhani kwamba katazo lililoandikwa Nairobi litatosha alifikirie hilo.

Korea Kusini ndiyo iliyonifunza zaidi. Mnamo Januari 2024 tume ya ushindani ya nchi hiyo iliitoza kampuni ya Nexon faini ya woni bilioni 11.6 kwa kuwa, katika mchezo wa MapleStory, ilikuwa imepunguza bila kuwaambia wachezaji uwezekano wa kupata sifa za ziada za vifaa vya mchezoni zilizotafutwa sana, na kwa baadhi ya sifa hizo uwezekano uliwekwa kuwa sifuri. Watu waliendelea kulipia kitu ambacho hakikuwamo. Mchezeshaji wa pata-potea angalau hukuonyesha ile karata kabla hajaanza kuihamisha. Machi mwaka huo huo ikaanza kutumika sheria inayozitaka kampuni zitangaze uwezekano wa kila kisanduku zinachokiuza.

Sisi tuna Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyotiwa saini Agosti 2025 ikachukua mahali pa ile ya 1966, na ambayo haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Ombi langu kwa wanaoisimamia ni kwamba wasije vibandani kwetu na rungu wakidhani wameikamata kamari ya simu. Waanze na duka la programu. Gemu yoyote inayouza kisanduku cha bahati kwa shilingi za Kenya ionyeshe uwezekano wake kwenye skrini ile ile yenye kitufe cha kulipia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kwa tarakimu zenye ukubwa sawa na za bei. Malipo ya pili ndani ya saa moja yasipite mpaka mwenye simu athibitishe upya. Na uwezekano unaotangazwa ukaguliwe na mtu asiyelipwa na kampuni, kwa maana tumeona jinsi tarakimu zinavyoweza kuchezewa.

Kwa upande wangu nimebandika karatasi ukutani yenye ile hesabu ya watu 37, na hakuna anayeruhusiwa kununua pakiti kwa mtandao wa kibanda changu. Vijana wawili wamehamia kwa jirani kwa sababu hiyo. Mpwa wangu bado analipa deni lake kwa kufagia na kubadilisha zamu za mashine, na amebakiza shilingi 900.

Mzazi aliyeandika anakaribishwa aje aone mwenyewe. Hufungua saa nane mchana siku za likizo na saa kumi na nusu siku za shule, na mtoto aliyevaa sare simpokei. Mechi ya kwanza sitamtoza, ila aombe padi nyingine akipewa ile yenye utepe mwekundu, maana kitufe chake cha kupiga shuti ndicho kinachokwama.

Mwenye kibanda cha gemu,
Kayole, Nairobi