Kabla Hujachapisha Lebo za Mlonge

Dodoma

Mpendwa Mama Neema,

Nakusalimu sana wewe na watoto. Barua yako nimeipata, nami naomba usichapishe kwanza zile lebo zinazosema kwamba dondoo lako la majani ya mlonge "linafuta sumu zote mwilini".

Ni kweli kwamba majani hayo yana kwesetini na asidi ya klorojeni, yaani kemikali za mimea zinazotuliza radikali huru (chembe zisizotulia zinazonyang'anya jirani zake elektroni), ambazo maabara hupima nguvu zake kwa njia iliyoelezwa na mwanasayansi Blois mwaka 1958: unga wa majani hulowekwa katika spiriti, huchujwa, kisha kiasi kidogo hutiwa kwenye kimiminika cha zambarau chenye radikali hizo, nacho hugeuka manjano kadiri radikali hizo zinavyotulizwa. Jaribio hilo linapendeza machoni, na nadhani ndiyo sababu limewapumbaza wengi, kwa maana kilichomo ndani ya neli ya kioo hakijapita tumboni wala kwenye ini. Kwesetini tunayokula hufyonzwa kwa uchache, na hata huo uchache hubadilishwa umbo kabla haujafika mbali, ilhali seli zetu zina vimeng'enya vyake, kama vile katalasi, vinavyoukinga mwili dhidi ya madhara ya radikali usiku na mchana. Tena radikali huru si adui wakati wote, kwani chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria. Madhara huja zinapouzidi mwili nguvu, zikaharibu mafuta ya utando wa seli na hata vinasaba.

Wala kuzidisha dozi si kuzidisha faida. Huko Ufini, wanaume wavutaji sigara waliopewa miligramu 20 za beta-karotini (kitu kingine cha kutuliza radikali, kilichomo pia kwenye mboga kama mchicha) kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa, kama ilivyotangazwa mwaka 1994. (Mchicha haujawahi kushtakiwa kwa kosa hilo.)

Kwa hiyo ningependa uuze majani yenyewe, kama mboga. Wagogo hukausha mlenda ili kiangazi kisiwakute na ugali mtupu. Nawe anika mlonge wako kivulini, penye upepo, kwa sababu jua kali hupunguza vitamini C na karotini. Mteja mwenye kisukari anayetumia dawa mwambie amjulishe daktari wake, maana mlonge unaweza kushusha sukari. Kwenye lebo, jina la jani, uzito na tarehe ya kukaushwa vinatosha. Nitumie niisome kabla hujaipeleka kwa mchapaji.

Wako,
Baba Yohana