Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: majina ya askari wetu wa KAR yarudishwe nyumbani

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Masuala ya Maveterani,

Salamu kutoka Bombo. Nakuandikia kuhusu vijana wa Uganda waliokufa katika Vita Kuu ya Pili wakiwa ndani ya sare ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Ombi langu ni moja: majina yao yachongwe hapa nchini, mahali ambapo mjukuu anaweza kufika kwa nauli ya taksi.

Majina yapo, ila yako mbali nasi. Waliopotea Burma (leo Myanmar) bila kaburi wameandikwa kwenye nguzo za Taukkyan, nje ya Yangon, kati ya majina karibu 27,000. Waliozama na meli ya Khedive Ismail wako ukutani Nairobi. Ni Waganda wangapi leo wanaoijua meli hiyo? Iliondoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika kama mbili tu, na watu 1,297 wakafa.

Wenzao waliofika Burma waliingia bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa za 1944. Ilikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye kichwa cha kifaru begani, na KAR ya 4, batalioni ya Uganda, ilikuwamo. Kazi yao ilikuwa kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal, India, bila kuwapa nafasi ya kupumua. Barabara zikageuka tope, magari yakakwama, malaria ikawaangusha watu kuliko risasi. Chakula kilidondoshwa kwa miavuli na marubani wa ndege za Dakota, waliopenya kati ya milima wakati mawingu yamefunika kila kitu. Nawaheshimu sana marubani hao. Bila wao askari wetu wangekufa njaa kwenye tope lile. Na walioko chini hawakusimama. Kufikia Desemba walikuwa wameufikia mto Chindwin na kuuvuka, na pale Kalewa likajengwa daraja la vyuma vya kuunganishwa, aina ya Bailey, la zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo.

Mtu aliyetembea miezi mitano katika hali ile, akambeba mwenzake aliyejeruhiwa, kisha kesho yake akashika tena zamu ya ulinzi, kwangu ni shujaa hata kama hakuna afisa aliyemwandika popote.

Familia nyingi hapa zimebaki na nyota ya Burma tu, nishani waliyopewa waliopigana huko. Nimewahi kuishika moja: shaba ya pembe sita, utepe mwekundu katikati, buluu na rangi ya chungwa pembeni, umefifia. Nikaigeuza nyuma kutafuta jina. Hakuna. Serikali ya Uingereza ilizitoa nyota hizo bila majina ya waliozipokea. Akifa aliyekuwa akijua ni ya nani, imekuwa kipande cha shaba.

Jambo jingine linaniuma. Ukiwauliza vijana wamtaje askari mmoja wa KAR, watakutajia Idi Amin. Alidai alipigana Burma, lakini aliingia jeshini 1946, vita vimekwisha. Waliopigana kweli hawatajwi, na aliyefika baadaye ndiye tunayekumbuka. Hii si haki kwao, wala si haki kwa Bombo na Jinja, miji iliyolea kikosi hiki.

Mheshimiwa, hili si suala la Waingereza peke yao. KAR ya 4 ndiyo iliyogeuzwa Uganda Rifles 1962, na kutoka hapo likazaliwa jeshi la taifa. Kila tarehe 9 Juni tunawaenzi mashujaa, na kila Tarehe Sita, yaani 6 Februari, jeshi linakumbuka shambulio la Kabamba la 1981. Ni vema. Basi wale wa Kabaw nao wapewe nafasi uwanjani siku hizo, majina yao yasomwe kwa sauti.

Mlango uko wazi kuliko zamani. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba, katika Vita ya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Wizara yako iiandikie sasa, iombe orodha kamili ya wafu wa Uganda wa vita zote mbili, wakiwemo wapagazi. Orodha hiyo itangazwe redioni kwa lugha zetu na ibandikwe kila wilaya, ili familia zisahihishe tahajia na kuongeza waliosahaulika, kabla fundi hajaanza kuchonga ukuta Jinja.

Wazee wachache waliosimuliwa na baba zao bado wako hapa Bombo. Tuma afisa mwenye daftari; tutamkaribisha na kumpeleka nyumba kwa nyumba.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Bombo