Shukrani kwa dada wa kitanda cha jirani

Dada, jina lako sikulipata. Ulikuwa unamuuguza kaka yako wodini hapa Kigoma, wakati baba amekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Sisi wa Ujiji tulijua kupeleka uji na migebuka, samaki wetu wa ziwani, tu.

Wewe ndiye uliyenionyesha jinsi bandeji ya kuvutika inavyozungushwa kwenye kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kwa mshazari, kama namba nane, ikibana zaidi nchani na kulegea kadiri inavyopanda, ili uvimbe upungue. Ukapenyeza kidole chini yake kuhakikisha haijakaza mno. Mto ambao shangazi aliuweka chini ya goti kwa huruma ukauondoa palepale: goti likizoea kujikunja, mguu wa bandia utakuwa taabu.

Nyuzi za kidonda cha baba zilikawia kutolewa kuliko za kijana mmoja wa ajali ya bodaboda. Ukatueleza kwamba kwa mwenye kisukari damu mara nyingi haifiki vizuri, nyama hushikana polepole, hivyo sukari idhibitiwe na tuangalie usaha, harufu, wekundu unaosambaa na homa.

Baba aliposema vidole visivyokuwepo vinamuwasha, minong'ono ya uchawi ikaanza (si unatujua). Ukasema ni mishipa ya fahamu, huwapata wengi.

Kidonda kimefunga, dada. Sasa anasubiri kupimwa mguu wa bandia, na kila asubuhi anagombana na mama kuhusu sukari kwenye chai. Ahsante sana. Ukipita Ujiji, migebuka ipo.