“Kwenda Idjwi ni dola ngapi?” Kwanza tuambie mko wangapi

Kila wiki simu ya ofisi yetu ya safari hapa Bukavu hupokea ujumbe uleule, mara nyingi usiku, mara nyingi bila hata salamu: “Kwenda Idjwi ni dola ngapi?” Sisi hujibu kwa swali, “Mko wangapi?”, na wengine hudhani tunawapima mfuko. Hapana. Bei ya safari hii ya kisiwani, ndani ya Ziwa Kivu, haitoki bila hesabu ya watu, na leo tunaeleza kwa nini, ili hata kama hutasafiri nasi uweze kujipangia mwenyewe.

Idjwi tunaichukulia kama jirani. Mananasi yake tunakula, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanatufikia sahanini kutoka pembeni yake, lakini uliza mtaani kwako hapa mjini, Kadutu au Ibanda, ni wangapi waliokwisha kukanyaga kule. Ni kisiwa cha pili kwa ukubwa ndani ya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe ya Ziwa Victoria. Ni teritwari (wilaya) nzima ya jimbo la Kivu ya Kusini. Na bado tuna wateja walioifahamu Zanzibar kabla ya Idjwi.

Sababu wanayotoa ni bei. Wanasema Idjwi ni ghali. Kisiwa chenyewe si ghali hata kidogo. Kilicho ghali ni maji yaliyo katikati.

Tuhesabu kwa lita, maana bei ya esansi (petroli) mjini hubadilika upesi kuliko mawingu. Chukua boti ya kukodi yenye injini ya 40 (nguvu za farasi), ile ya kuchanganya esansi na oili. Ikisukumwa vizuri inakunywa kama lita 15 kwa saa. Tuseme ni masaa mawili kwenda na mawili kurudi: lita 60. Mkiwa wawili, kila mtu amebeba lita 30 mgongoni. Mkiwa kumi, kila mtu lita sita. Boti haijui kama umekuja na mchumba wako au na kwaya nzima, inakunywa vilevile. Kapiteni naye analipwa siku yake, hahesabu vichwa. Ndiyo maana tunauliza mko wangapi.

Hapo huja swali la pili: “Basi tupeni injini ndogo.” Tumelijaribu hilo. Injini ya 15 inakunywa kama lita sita kwa saa, ndiyo, lakini boti ya mbao yenye watu na mizigo inaenda polepole, na yale masaa mawili yanakuwa karibu manne. Kwenda na kurudi ni masaa manane, lita 48. Umeokoa lita 12, umepoteza nusu siku, na umefika katikati ya ziwa wakati upepo umekwisha kuamka. Kwa watu wanne wasio na haraka, asubuhi tulivu, tunakubali. Kwa familia yenye watoto, hatukubali.

Njia ya bei nafuu kabisa ni ya wenyeji: boti ya soko, unalipa kiti chako tu. Tunaipendekeza kwa vijana na kwa yeyote anayejua kukaa kati ya magunia ya mihogo na mama mwenye kuku watatu bila kununa. Lakini uielewe kazi yake. Boti ya soko humfuata muuzaji. Yule mama anakuja Bukavu na mananasi asubuhi, anauza, ananunua sabuni na chumvi, anarudi kwake baada ya mchana. Wewe unataka kinyume chake, uende asubuhi urudi jioni. Ukifuata ratiba yao unafika kisiwani jua likielekea kuzama, na ukitaka kurudi unaamshwa alfajiri. Kama umepanga usiku mmoja, umelipa safari nzima ili ulale.

Kwa hiyo ushauri wetu, ambao huwashangaza watu: kama pesa ni kidogo, lala usiku mbili. Usiku wa pili hauongezi tone la esansi. Unaongeza kitanda na sahani mbili tatu za chakula, vitu ambavyo kisiwani ni rahisi, na unapata siku moja kamili ya kutembea. Wateja wa usiku mmoja wanarudi wamechoka, wanatuambia Idjwi ni nzuri lakini hawakuiona. Wale wa usiku mbili huwa wanarudi tena.

Kosa lingine la bei linatoka kwenye ramani. Mtu anafungua simu, anaona jina Bugarula, makao makuu ya teritwari, anatuandikia: “Tupelekeni Bugarula.” Bugarula iko kaskazini, katika chefferie (eneo la chifu) ya Rubenga. Kwa mtu wa Goma, sawa, ndiyo karibu kwake. Wewe wa Bukavu upande wako ni kusini, chefferie ya Ntambuka. Kupita hapo hadi Bugarula ni kuchoma lita nyingi kwa ajili ya jina. Kusini kuna vilima, migomba, kahawa, fukwe ndogo na utulivu wote unaoutafuta. Kama lazima uone kaskazini, vuka kusini kisha panda moto, yaani pikipiki, kisiwani. Barabara ni za udongo, mgongo utakukumbusha, lakini itakugharimu kidogo kuliko kuzunguka kwa maji. Na mgongo wa kisiwa unapanda kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo njiani unaliona ziwa pande zote mbili, ng’ambo moja Rwanda, ng’ambo nyingine milima ya Kalehe. Hilo ukikaa botini hulipati.

Kuna sehemu hatupunguzi bei, na hapo ndipo tunagombana na wateja wengi. Jile, koti la kuelea majini. Kila mtu anavaa, mtoto anavaa ya mtoto, na inafungwa kabla ya kamba ya boti kufunguliwa. Baba mmoja alituambia yeye amezaliwa kando ya ziwa, anaogelea tangu utoto, jile ni ya wageni. Tulimrudishia pesa yake palepale. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, kule Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, watu wakiiona wakiwa wamesimama ufukoni. Makumi walikufa wakiwa wamekwisha kufika. Wengi wao nao walikuwa wamezaliwa kando ya ziwa hili.

Saa ya kuondoka pia haina mjadala. Alfajiri Kivu huwa limelala. Ukichelewa unalikuta limeamka vibaya. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusini unaweza kupiga siku nzima. Wakati wa mvua, Septemba hadi Mei, asubuhi nyingi ni nzuri lakini baada ya saa sita mawingu hujikusanya na dhoruba haipigi hodi. Tukisema saa kumi na mbili, boti inaondoka saa kumi na mbili. Tumeacha wateja bandarini. Mmoja alikuwa shemeji yangu, na mpaka leo kwenye sikukuu za familia habari hiyo inarudishwa.

Sasa jambo ambalo kwenye matangazo hakuna anayelitaja, nalo ndilo zuri zaidi: mwezi. Ukitaka kuona wavuvi wa sambaza, chagua siku kwa kuangalia mwezi wa angani. Wanavua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, na wanaimba wakipiga kasia. Taa ndiyo inayowaita samaki juu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang’aa, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupata kidogo. Njoo siku za giza. Utakaa juu ya kilima na chini yako kutakuwa na mji mzima wa taa unaotembea majini, na sauti zinapanda hadi ulipo. Asubuhi sambaza ni wengi na bei inashuka. Samaki huyu, kwa njia, si mwenyeji: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Leo ukimwambia mtoto wa Bukavu kwamba bibi yake alikua bila sambaza, atafikiri unamtania.

Kuhusu kulala na kula, mambo ni mepesi. Nyumba za wageni ni chache na za kawaida. Kitanda safi, chandarua, maji ya ndoo. Umeme ni wa sola, kwa hiyo jaza simu na betri kabla ya kuondoka. Beba sweta, maana ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 juu na usiku baridi inaingia mifupani. Chakula kiagizwe mapema: kule hakuna mgahawa wenye vyungu vinavyokusubiri. Tunampigia mama mpishi siku moja kabla, naye ananunua sombe (majani ya mihogo) na samaki kulingana na idadi yenu. Bugali (ugali) ni ya mihogo. Kasiksi, pombe ya ndizi, ipo, ni tamu kama juisi, na inawadanganya watu wa mjini kila mara. Usiinywe usiku wa kuamkia safari ya ziwa.

Mananasi yanunuliwe siku ya mwisho, si ya kwanza, na kwa kiasi. Dada mmoja alirudi nayo 22. Yalikuwa ya bei ndogo sana kisiwani, mpaka mwenye boti ya soko alipoyahesabu kama mzigo na motari (dereva wa pikipiki) wa bandarini naye akayahesabu. Alipofika nyumbani, angeyanunua mlangoni kwake kwa bei ileile.

Beba pesa taslimu, noti ndogo za franka, na dola zako ziwe safi. Unajua wenyewe tulivyo: noti yenye mchaniko wa ukucha inakataliwa hapa mjini, sembuse kisiwani ambako hakuna kwa kuibadilisha. Beba kadi ya uchaguzi. Mgeni kutoka nje ya nchi abebe pasipoti yenye viza na atuambie mapema, maana kuna watu wa serikali wa kusalimia tukifika. Na ukiwa upande wa mashariki wa kisiwa, simu yako inaweza kukukaribisha Rwanda. Zima data ya nje, au unite zako (salio la simu) zitaisha ukiwa unatuma picha moja ya machweo.

Swali la gesi tunaulizwa pia, hasa na akina mama wenye watoto wanaopenda kuogelea. Ni kweli ziwa lina methani na kabonidayoksaidi nyingi. Lakini gesi hiyo imeyeyuka chini kabisa, zaidi ya mita 200, imekandamizwa na uzito wa maji, na ziwa lina kina kinachopita mita 470. Mtoto anayecheza ufukoni haigusi. Wenzetu wa Rwanda wanaivuta methani hiyo kule Karongi kutoa umeme, kwa mtambo uliozinduliwa 2016. Mamba na viboko hawapo. Kinachotuogopesha sisi ni boti iliyojaa kupita kiasi.

Kwa wasio na pesa ya kutoa mara moja, vikundi vya likelemba, yaani vya kuchanga na kupokezana pesa kwa zamu, ndivyo wateja wetu wazuri kuliko wote. Watu kumi au kumi na wawili wanaweka kidogo kila wiki, na zamu moja wanaamua isiende kwa mtu, iende ziwani. Tayari wana idadi, wanaaminiana, na wanafika kwa wakati kwa sababu wanaogopana. Tunapokea malipo yao kidogo kidogo kwa simu na tunaandika kwenye daftari mbele yao.

Ukituandikia, basi, anza na idadi ya watu, wangapi ni watoto, na siku mbili unazoweza, si moja. Tangu mwanzo wa 2025 taratibu za bandari zimebadilika mara nyingi, kwa hiyo tunathibitisha tena jioni ya kuamkia safari. Upepo au bandari ikituzuia, pesa ya esansi inarudi kwako yote. Ya chakula hairudi: mama amekwisha kutwanga sombe.